Pale Kwaya Inapojibu

Zawadi, fundi mwenzangu kijana, ameniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, na akaongeza kwamba dalili ameshaanza kuziona. Basi ninawaandikia nyinyi mnaobaki kwenye karakana ya Tyseley. Ninatumia Kiswahili kwa sababu wengi wenu mnakizungumza, kila mmoja kwa namna yake: cha Mombasa, cha Unguja, cha Nairobi, cha Bukavu. Wasiokijua watasomewa. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini, kwa kuwa sikupandishwa. Karakana yetu ilikuwa na cheo kimoja tu, cha mtu anayekaa na ufunguo wa gari.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini huenda karatasi hizi zikashikwa na mgeni. Tunafunga mitambo ya sauti katika nyumba za ibada: makanisa, misikiti, mahekalu na sinagogi za Birmingham. Sehemu kubwa ya kazi ni lupu, yaani waya unaozungushwa chini ya zulia kuuzunguka ukumbi mzima. Maikrofoni hupeleka sauti kwenye waya, na mtu mwenye kifaa cha kusaidia kusikia akibonyeza kitufe chake anapata sauti ya msemaji ndani ya sikio, bila kelele za viti wala kikohozi cha jirani. Sisi mafundi tunaikagua kwa kipokezi kidogo cha mkononi chenye hedifoni. Unatembea ukumbi mzima ukisikiliza kile ambacho mwenye kifaa angekisikia.

Siku yangu ya kwanza, Ken, mzaliwa wa Saltley aliyeianzisha karakana, alinipeleka kanisani huko Newtown. Ilikuwa mchana, na kanisani hapakuwa na mtu. Alinivalisha hedifoni, akanipa kipokezi, akaketi kwenye benchi la nyuma na kufungua mkate wake.

"Tembea," akasema. "Ukisikia mtu, niite."

Maikrofoni zote zilikuwa zimezimwa. Nilipita kati ya mabenchi nikisikia mvumo mdogo tu wa umeme. Nilipoikaribia madhabahu, sauti ya mwanamke ilisema sikioni mwangu, taratibu, kama mtu anayemsemesha mgonjwa: "Yuko mlangoni nyuma, anakungoja. Amevaa nyeupe."

Nilivua hedifoni. Ken alikuwa bado anatafuna.

"Umemsikia?"

"Ni nani?"

"Jina lake silijui. Ofisi ya teksi iko ng'ambo ya barabara. Waya mrefu hivi unanasa redio yao." Alipangusa mikono. "Jana alikuwa anatafuta bibi harusi."

Hapo ndipo aliponifundisha njia yake, na sijapata bora zaidi. Ukisikia kitu usichokielewa, zima kila kitu, kisha washa kimoja kimoja. Kitu kikirudi, unajua kimetoka wapi. Msikitini karibu na Alum Rock Road, mtoto mchanga aliwahi kulia ndani ya spika za wanaume wakati khatibu anazungumzia kaburi, na mtoto hakuwamo msikitini. Niliwasha kimoja kimoja hadi nikafika kwenye maikrofoni ya khatibu isiyo na waya. Nyumba ya pili kulikuwa na mama aliyeweka kifaa cha kumsikilizia mtoto chumbani, kinachotumia masafa yale yale. Khatibu alikuwa amenyamaza hadi mtoto alipotulia, ndipo akaendelea. Waumini walisema haijapata kutolewa hotuba nzuri kama ile.

Kwa miaka mingi njia ya Ken haikuniangusha. Ninachotaka kuwasimulia kwa urefu ni mahali pamoja ilipofika mwisho wake.

Kuna sinagogi tuliyoihudumia tangu Ken akiwa hai. Jina nitaliacha. Kwanza, jambo la kazi: ziko sinagogi ambazo siku ya Sabato hawagusi umeme kabisa, na huko usiwauzie lupu ya Jumamosi. Hii ilikuwa ya wale wanaoruhusu maikrofoni. Mara ya kwanza nilipokwenda peke yangu, yule wa kujitolea anayelinda mlango aliufungua mfuko wangu. Ulikuwa na waya, betri, koleo, na mita yenye mshale. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi, Salim wa Mombasa mwenye ndevu na kofia iliyoshonwa kwa mkono.

"Nieleze polepole," akasema.

Nikamweleza polepole. Ndani, pembeni ya mlango, palikuwa na kikapu cha kofia ndogo kwa wanaume waliokuja vichwa wazi. Mzee aliyekuwa akizigawa alinipungia mkono nipite. "Wewe umekuja na yako," akasema. Nilipata salamu hiyo kila nilipokwenda, mpaka mzee alipofariki, na aliyemrithi kikapu akarithi na maneno yake.

Hazani wao, yaani mwimbishaji sala, alikuwa Bwana Lionel. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kifua chake. Nyimbo alizoziimba zilikuja na waanzilishi wa jumuiya ile kutoka mji mmoja wa Ujerumani, na hazikupata kuandikwa. Hazani aliyemtangulia alimfundisha kwa mdomo, wakikaa chumba cha nyuma alasiri baada ya alasiri. Masikio yake yalianza kumpotea mapema kuliko sauti. Ndiye aliyenifundisha kwamba lupu si kitu cha wasikilizaji peke yao. Alivaa vifaa masikio yote mawili, na kwa lupu alijisikia mwenyewe akiimba.

Jumamosi moja nilikwenda kukagua lupu mpya wakati wa ibada, nikakaa nyuma na kipokezi changu; viti vya pale vimepangwa pande mbili, vikitazamana. Walifika mahali wanapolirudisha gombo la Torati katika kabati lake. Bwana Lionel aliimba mstari, sauti ikapanda, ikatua, halafu hedifoni zikawa kimya.

Mwenzenu nilifanya ambalo mngelifanya. Nilidhani lupu imekatika. Nilibana plagi, nikatazama taa ya amplifaya, ikawa ya kijani. Nilivua hedifoni nisikie kwa masikio yangu, na ukumbini napo kulikuwa kimya. Kimya chenyewe hakikuwa cha kusahau. Mtu akisahau, watu hugeuka, hukohoa, hutazamana. Hawa waliinua vichwa kidogo, wote, kuelekea roshani iliyo juu ya mlango, nyuma yangu. Niligeuka. Palikuwa na viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kipasha joto kibovu. Nilipogeuka tena, Bwana Lionel alikuwa ameshaendelea, na watu wameinamia vitabu vyao.

Wakati wa chai nilimuuliza Bi Hetty, mama mmoja aliyekuwa hakosi Jumamosi hata moja.

"Pale hazani aliponyamaza pana nini?"

"Hapo kwaya hujibu."

"Kwaya iko wapi?"

"Makaburini, mwanangu, karibu wote. Nimebaki mimi." Alichovya biskuti kwenye chai. "Na mtu mmoja si kwaya. Ni kelele."

Kwaya ilikuwa ikisimama roshani, akanieleza. Ilipungua mwaka baada ya mwaka mpaka ikaisha bila mtu kutangaza kwamba imeisha. Nafasi yake katika wimbo ilibaki. Nikaona ni desturi nzuri ya heshima, nikafunga mfuko wangu, nikaenda zangu. Watu wa dini nimewaona na desturi nyingi.

Miaka ikapita. Juzi juzi, mimi mwenyewe nikiwa ninahesabu siku za kustaafu, mwenyekiti wao alinipigia simu. Bwana Gerald ni mtu mwenye bidii aliyehamia Birmingham kwa kazi na kujiunga nao muda mrefu baada ya kwaya kwisha. Sauti ya kwaya ile hakuwahi kuisikia. Aliniambia Lionel anastaafu na anahamia kwa binti yake Manchester. Hazani mpya, mama kijana kutoka Leeds, atafika baada yake, na hawatapata muda wa kukaa pamoja. Walitaka nyimbo zote zirekodiwe ili mama yule ajifunze kwa kusikiliza.

"Zisiporekodiwa?" nikauliza.

"Basi zinakwenda Manchester."

Bwana Lionel alikubali kwa sharti moja: hakuna wimbo utakaotoka kabla hajausikiliza mwenyewe na kusema ndiyo. Gerald aliahidi, na mimi nikaahidi.

Tulirekodi siku za kazi, asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu. Nilikwenda na Zawadi. Bwana Lionel alisimama mahali pake pa siku zote akiwa amevaa shali yake ya sala, kwa sababu alisema bila shali sauti inakaa vibaya. Ulipofika wimbo wa kurudisha gombo, aliimba mstari, akanyamaza. Safari hii sikuwa nyuma ya ukumbi, nilikuwa mbele, nikamwona uso. Alitabasamu. Kidole chake cha shahada kilipiga taratibu ubavuni. Macho yake yalitazama roshani, yakatoka upande wa kushoto hadi wa kulia kama mwalimu anayekagua darasa, halafu akavuta pumzi na kuendelea.

"Bwana Lionel," nikasema tulipomaliza, "pale katikati huwa unapumzika?"

"Katikati wapi?"

"Pale unaponyamaza."

Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini ana mikono. "Ninyamaze vipi? Hapo ni kwaya."

Tulikunja kebo. Ndani ya gari Zawadi aliingiza ufunguo lakini hakuwasha injini.

"Mzee, hajasema ilikuwa kwaya. Amesema ni kwaya."

"Nimesikia."

"Mimi nitaishi na hiyo wiki nzima, sijui wewe."

Nilifuata njia ya Ken. Nilidhani huenda lupu inanasa kitu, redio ya mahali fulani yenye nyimbo, na yeye anaipata kwenye vifaa vyake. Tuliporudi sinagogi nilitembea ukumbi mzima na kipokezi, roshani pia, katikati ya viti. Nilisikia mvumo wa umeme tu. Nikamwomba aimbe wimbo ule tena, na bila kumwambia nikaizima lupu. Alinyamaza mahali pale pale. Nikazima taa na simu zetu. Alinyamaza, kidole kikapiga, macho yakakagua. Vyote vilikuwa vimezimwa, na hapakuwa na kitu cha kuwasha kimoja kimoja isipokuwa Bwana Lionel mwenyewe.

Daktari mmoja wa masikio niliyefanya naye kazi hospitalini aliwahi kunieleza kwamba masikio yanayokosa sauti za nje wakati mwingine hutengeneza za ndani, na mara nyingi huwa muziki. Akasema si wazimu, ni kama mguu uliokatwa unaoendelea kuwasha. Nilikumbuka maneno hayo nikatulia. Nilitulia mpaka Ijumaa, nilipotoka msikitini na kupita karakana.

Zawadi alikuwa mbele ya kompyuta, mikono imekunjwa.

"Nimeisafisha, mzee. Mwenyekiti alinipigia, akasema hizo gap zote tuzitoe, huyo mama wa Leeds asichanganyikiwe. Nikatoa. Lakini hii moja haiungani."

"Haiungani vipi?"

"Sikiza."

Alikuwa ameondoa kimya na kuunganisha mstari wa kabla na wa baada. Pale kwenye kiungo wimbo uliruka. Bwana Lionel aliachia sauti mahali fulani, na aliporudi alikuwa juu zaidi. Si sana, ila hata mimi, ambaye naimba bafuni peke yangu na bado napata malalamiko, nililisikia.

"Labda siku ile alikosea."

"Nikafikiria hivyo. Nikachukua zile zingine zote tulirekodi, hata ile ulizima lupu." Alizipiga moja baada ya nyingine. Kila mara alirudi juu, na kila mara juu kwa kiasi kile kile. "Mtu akiimba peke yake halafu akae kimya, akirudi anaweza kushuka. Akichoka anashuka. Huyu anapanda. Kama ni mtu alikuwa anafuata wengine wamepanda."

Akaishusha sehemu ya pili kwa kompyuta ili ilingane na ya kwanza. Wimbo sasa ulikwenda moja kwa moja, laini, bila mshono. Alikuwa amefanya kazi nzuri, na nilimwambia hivyo.

Jumatatu nilimtembelea Bi Hetty nyumbani kwake. Sikumweleza ninachokitafuta. Niliuliza tu kama kwaya yao ilikuwa nzuri.

"Tulikuwa wabaya sana," akasema kwa furaha. "Tulikuwa na Morris. Morris alikuwa na duka la zulia na sauti ya tarumbeta, na hakuweza kuimba mstari mmoja bila kuupandisha. Tukianza pamoja, tukimaliza tuko juu, kila wiki. Lionel alikuwa kijana wakati huo. Alijaribu kuturudisha chini, akashindwa. Mwishowe akawa anatufuata tu huko huko juu." Akacheka. "Morris amekufa zamani. Kwa nini unauliza?"

Nikamwambia ni mambo ya kiufundi.

Sasa nataka muelewe tulipokuwa tumefika. Wimbo haungeweza kwenda Leeds mpaka Bwana Lionel ausikilize. Ukimpigia uliosafishwa, kwaya yake haimo. Ukimpigia mrefu, unamwekea mbele kimya ambacho hajui kama kipo, siku chache kabla ya ibada yake ya mwisho. Gerald alipendekeza tuahirishe mpaka atakapokuwa Manchester, halafu tumtumie binti yake, "na tuone." Nilimwambia niliahidi. Akasema naye aliahidi, lakini ahadi yake ilikuwa ya jumla.

Bwana Lionel alikuja Jumatano na mfuko wa peremende. Aliketi safu ya mbele, akabonyeza vifaa vyake vishike lupu. Nilipanga kuanza na ule mrefu. Zawadi alikuwa na mafaili mawili yenye jina linalofanana, na kidole chake kikaanza na safi.

Wimbo ulipita mahali pale bila kusimama. Bwana Lionel aliinua mkono.

"Mmewakata."

Zawadi alinitazama.

"Kwaya mmewakata," akasema, bila hasira. "Na mimi mmeniteremsha. Kwa nini mmeniteremsha?"

"Ni makosa yangu, Mr. Lionel," akasema Zawadi. "Nilipiga ile si yake. Ngoja."

Akapiga ule mrefu. Mimi nilikuwa na kipokezi changu, nikisikia kile anachosikia yeye. Mstari ulipanda, ukatua, kikaja kimya. Sasa hapakuwa na kitu cha kufanya ila kumtazama. Kidole kilianza kupiga juu ya goti. Alifumba macho. Mdomo ulisogea kidogo, kama mtu anayefuata maneno ya mwenzake. Hedifoni zangu zilikuwa na mvumo wa umeme peke yake.

"Hapa sasa," alisema sauti yake ya kwenye rekodi iliporudi. "Morris bado anapandisha, msikilizeni. Hakomi."

Nilimwona Zawadi akijikunja kwenye koti lake. Mimi nilipumua. Nilifikiri jambo limekwisha: atasema ndiyo, atakwenda Manchester na kwaya yake, na Gerald atajua la kufanya na Leeds. Bwana Lionel alimenya peremende, akaiweka mdomoni, akakaa nayo.

"Salim, huyu mama wa Leeds. Atawasikia?"

Ningeweza kujifanya sikuelewa.

"Wewe je?" akauliza. "Wewe unawasikia?"

Maisha yangu yote nimefanya kazi ya kuwaambia watu kama wanasikika au hawasikiki. Khatibu akiuliza, "Huko nyuma mnanipata?" huwezi kumjibu ndiyo wakati hawampati.

"Hapana, Bwana Lionel," nikasema. "Mimi nasikia umenyamaza."

"Na wewe, binti?"

Zawadi alitikisa kichwa.

Aligeuka kuitazama roshani. Sikuona huzuni usoni. Nilichoona kilifanana zaidi na adabu, kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akizungumza lugha ambayo wageni wake hawaijui.

"Basi mpelekeeni ule safi," akasema. "Asije akasimama kungoja watu ambao hawapo, akawa kichekesho. Na Jumamosi nitauimba hivyo hivyo, moja kwa moja, ili watu wazoee kabla hajafika."

"Una hakika?"

"Nimeuliza fundi," akasema, "na fundi amejibu."

Tukiwa njiani kurudi Tyseley, Zawadi alisema, "Mzee, si ungemwambia tu unawasikia?" Nilimwomba tu asiutume ule safi kabla ya Jumamosi kupita.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka pembeni. Wengine sikuwahi kuwaona, wajukuu wa watu, vijana wa London waliokuja kwa treni. Yule wa kikapu aliniambia nimekuja na yangu. Nilikaa nyuma, chini ya roshani, nikaacha hedifoni sikio moja tu. Sikio la kushoto lilikuwa na Bwana Lionel kutoka kwenye lupu, la kulia na ukumbi. Zawadi alikuwa anarekodi.

Gombo lilibebwa kuzungushwa, watu wakalifuata kwa macho, likarudishwa mbele ya kabati. Bwana Lionel alianza wimbo. Ukumbi wote uliimba pamoja naye mstari ule wa kwanza. Ukapanda, ukatua.

Kwenye sikio la kushoto aliendelea. Hakusimama hata kwa pumzi, kama alivyosema.

Kwenye sikio la kulia hapakuwa na kitu. Watu wote wale walikuwa wamenyamaza. Vichwa viliinuka kidogo, macho yakaja upande wangu, juu yangu. Waliinua vichwa wazee, na vijana wa London wakainua, na watoto mapajani mwa mama zao, ambao hakuna mtu angeweza kuwa amewafundisha. Bwana Lionel alikuwa anaimba peke yake mbele ya watu waliokuwa wakisikiliza kitu kingine. Nilitaka kugeuka nitazame roshani. Sikugeuka. Nilijua viti viko pale pale nilipoviacha, kimoja juu ya kingine.

Kisha wakaingia wote kwa pamoja, bila ishara ya mtu. Na waliingia juu. Hata mimi nilijua ni juu, kwa sababu sikio la kushoto lilikuwa na Bwana Lionel chini, mstari mmoja mbele yao, na sauti hizo mbili zilikwaruzana ndani ya kichwa changu.

Alikatiza neno katikati. Ndani ya lupu ilibaki pumzi yake tu. Halafu akarudi nyuma, akapanda walipokuwa, na wakamaliza wimbo pamoja.

Zawadi alinitazama kutoka upande wa pili wa ukumbi. Mkono wake ulikuwa juu ya kompyuta, haugusi kitu.

Baada ya ibada kulikuwa na samaki wa siki, keki, na hotuba tatu, mbili zikiwa ndefu. Nilikuwa nakunja kebo nyuma Gerald aliponijia na sahani mkononi. Alikuwa na wasiwasi wa mwenyeji.

"Salim, Lionel ana nini leo? Hajisikii vizuri?"

"Kwa nini?"

"Kwenye gombo pale. Alikimbia. Mbona hakuingoja kwaya?"

Nilimtazama. Alikuwa amesimama na keki yake akisubiri jibu, na usoni mwake sikuona dalili kwamba amejisikia alichokisema.

Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe. Bwana Lionel alikuwa chumba cha nyuma, kile alichofundishiwa, amekaa akikunja shali yake kwa kufuata mikunjo ya zamani. Nilimfikishia swali la mwenyekiti, neno kwa neno. Alimaliza kukunja, akaiweka shali kwenye mfuko wake wa kitambaa.

"Ule safi mmeshaupeleka?"

"Bado."

"Msiupeleke. Mpelekeeni mrefu." Alivuta zipu ya mfuko, ikakwama, akairudisha, ikapita. "Na Gerald mwambie anisamehe. Niliambiwa hawapo."